Maneno ya Ukutani na Haki ya Mnunuzi

Katika maduka mengi ya Kenya, ya mjini na ya mashambani, mnunuzi akiinua macho huona kibao juu ya meza ya kulipia, nacho kimeandikwa kwamba bidhaa ikisha kuuzwa haipokelewi tena wala fedha hazirudishwi. Watu wengi huyasoma maneno hayo kana kwamba yametolewa na Serikali. Mtu aliyeuziwa kitu kibovu hukitazama kibao, akakifunga kitu chake tena, akaenda zake kimya. Yafaa ifahamike kwamba kibao hicho si sheria. Kimetundikwa na mwenye duka, na nguvu zake zina mpaka.

Mfano mmoja utalieleza jambo hili. Mwanamke mmoja, fundi wa kushona nguo, ameweka akiba kwa muda wa miezi minane, hata akapata Sh. 18,000 za kununua cherehani mpya. Anaifikisha nyumbani, anatia uzi, lakini mshono unaruka. Anabadilisha sindano, anatia mafuta, anajaribu uzi mwingine. Mshono ungali unaruka. Sare za watoto wa shule zinamngoja, na muhula unaanza Jumatatu. Asubuhi ya pili anaibeba cherehani na kuirudisha dukani. Karani hamtazami. Anamhudumia kwanza bwana mmoja aliyevaa vizuri, ambaye amefika baada yake, kisha anakionyesha kibao kwa kidole na kusema, "Mama, kwani hujui kusoma?"

Mama huyu amepatwa na mambo mawili: ameuziwa kitu kisichofanya kazi, na amedharauliwa mbele ya watu. Sheria haiyatazami mambo haya mawili kwa jicho moja.

Kwanza cherehani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1931, yasema kwamba mfanyaji biashara auzapo bidhaa za aina anayoiuza siku zote, huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba ni bidhaa nzuri zinazofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno lolote. Tena ikiwa mnunuzi amemweleza kazi anayokusudia kuifanyia bidhaa hiyo, na amemtegemea kwa ujuzi wake, basi yapasa bidhaa ifae kwa kazi hiyo. Zamani mwenye duka aliweza kujiondolea ahadi hizo kwa mapatano, na pengine hapo ndipo kibao kilipopata kiburi chake. Lakini Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012 imeufunga mlango huo: sharti lolote linalojaribu kuziondoa ahadi hizo katika mapatano ya mfanyaji biashara na mnunuzi wa kawaida ni batili. Na juu ya hayo yote, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro iliyomo.

Hata hivyo mnunuzi naye asivuke mpaka. Mtu aliyenunua koti la buluu, kisha akafika nyumbani akaona kwamba la kijivu lingempendeza zaidi, hana dai lolote. Koti halina ubovu. Moyo wake ndio uliogeuka. Mwenye duka akikubali kumbadilishia, amemfanyia hisani tu. Vivyo hivyo, kama mnunuzi alikichunguza kitu kabla ya kulipa, hawezi kulalamika baadaye kwa kasoro ambayo uchunguzi ule ulipaswa kuidhihirisha. Sahani yenye ufa ulio wazi, iliyogeuzwa-geuzwa mkononi kisha ikalipiwa, ni mali ya mnunuzi pamoja na ufa wake. Lakini mshono wa cherehani hauonekani kwa macho. Huonekana pale tu kitambaa kinapopita chini ya sindano. Na kwa hiyo inafaa, kila inapowezekana, kuomba kitu kijaribiwe papo hapo dukani. Muuzaji mwaminifu hakasiriki akiombwa hivyo.

Siku nazo zina maana. Mtu akikaa na kitu kibovu kwa muda mrefu na kukitumia kama chake, sheria humhesabu kuwa amekikubali, na hapo hubaki na dai la fidia tu, si haki ya kukikataa na kurudishiwa fedha zote. Mama wa cherehani alifanya vyema kurudi siku ya pili. Angengoja mpaka muhula wa pili, angekuwa na kazi kubwa zaidi ya kujieleza.

Ushahidi ni jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ndilo hushinda. Risiti si karatasi ya kufutia mikono. Itunzwe, na ikiwa ni ya aina ile ambayo wino wake hufifia kwa joto, ipigwe picha siku ileile. Aliyelipa kwa M-Pesa asifute ujumbe, kwa sababu unaonyesha kiasi cha fedha, siku, saa na jina la aliyepokea. Sanduku na cheti cha dhamana viwekwe pamoja.

Sasa kuhusu namna ya kusema. Kelele humfurahisha mtazamaji, lakini humpa karani nafasi ya kuacha habari ya cherehani na kuanza habari ya matusi. Afadhali mnunuzi amwombe mwenye duka mwenyewe au msimamizi wake, asimame kando na wengine, na aseme mambo matatu tu: alinunua nini na lini, kitu kina kasoro gani, na anataka nini. Mathalan: "Bwana, cherehani hii niliinunua hapa juzi kwa shilingi elfu kumi na nane, na risiti ni hii. Mshono unaruka. Naomba tuijaribu hapa mbele yako, na ikiwa ni mbovu, nataka nyingine iliyo nzima au fedha zangu." Akijibiwa kwa kibao, aseme kwamba kibao hakihusu kitu kibovu, na anyamaze angoje jibu. Watu wa duka wamezoea kuombwa na wamezoea kutukanwa. Mtu anayesimama na risiti yake, asiondoke, humfadhaisha hata karani aliye hodari.

Jibu lisipopatikana, iandikwe barua fupi yenye mambo yaleyale matatu, na siku ambayo mnunuzi anataka awe amejibiwa. Nakala ibaki nyumbani. Baada ya hapo ziko njia nyingine. Malalamiko juu ya udanganyifu katika biashara hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani; bidhaa isiyo ya kiwango au ya hatari, kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, ambalo wengi hulijua kwa jina la KEBS. Ikiwa shida ni mizani iliyopunjwa, au gorogoro iliyobonyezwa chini ili mahindi yawe haba, wapo wakaguzi wa mizani na vipimo. Na anayedai fedha zake aweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000, si lazima mtu awe na wakili, na sheria yataka hukumu itolewe katika muda wa siku 60.

Ama ile dharau ya karani, hapana mahakama itakayomlipisha mtu kwa ulimi mkali wa namna ile. Lakini mwenye duka hulipa kodi ya nyumba kwa fedha za wale waliodharauliwa, na mara nyingi hajui yanayotendeka akiwa hayupo. Aambiwe, kwa saa na kwa siku, bila kuongeza chumvi. Na mtu aliyerukwa katika foleni aweza kusema papo hapo, "Samahani, ndugu, mimi nilitangulia," kwa sauti ya kawaida. Aghalabu bwana yule aliyevaa vizuri ndiye husogea kwanza, maana hakuomba kupitishwa mbele.

Mwenye duka pia hupata hofu kwamba akiipokea cherehani ile mbovu, hasara itamkalia yeye. Si lazima iwe hivyo. Yeye naye aliinunua kwa mfanyaji biashara wa jumla, naye ana risiti yake, na kama mapatano yao hayakusema vinginevyo, sheria ya mwaka 1931 humpa haki ya kumdai yule aliyemwuzia.