Uvimbe wa Kongosho: Mgonjwa Amwulize Nini Daktari?

Kongosho ni kiungo chenye urefu wa sentimita 15 hivi, kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula. Kina kazi mbili. Sehemu yake kubwa hutengeneza maji ya kusaga chakula, ambayo humiminika katika utumbo mwembamba. Humo ndani pia vimetawanyika vifungu vidogo vya seli zitoazo homoni, kama vile insulini, na kuzitia moja kwa moja katika damu. Vifungu hivyo vilielezwa mara ya kwanza mwaka 1869 na Paul Langerhans, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin. Kazi yake hakuijua.

Kutokana na kazi hizo mbili huzaliwa swali la kwanza la mgonjwa: uvimbe huu umeanzia katika seli za aina gani? Zaidi ya saratani 9 katika kila 10 za kongosho huanzia upande wa kusaga chakula, hasa katika seli za mifereji yake, na huenea upesi. Zianziazo katika seli za homoni ni chache, na nyingi hukua polepole. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple ya Marekani, aligunduliwa na uvimbe wa aina hii ya pili mwaka 2003, akapasuliwa mwaka 2004, akafariki mwaka 2011. Jina la ugonjwa lilikuwa moja tu, “saratani ya kongosho”, lakini wagonjwa wengi wa aina ya kwanza hawaishi hata nusu ya muda huo. Tena uvimbe mwingine wa kongosho si saratani kabisa.

Kwa kawaida jibu hupatikana kwa hadubini, baada ya chembe za uvimbe kuchukuliwa kwa sindano. Je, kipimo hicho kimefanywa? Kama bado, kwa nini? Huenda sababu ipo: uvimbe uonekanao kuwa waweza kuondolewa wote pengine hupasuliwa kwanza, ukachunguzwa baadaye.

Swali la pili ni la mahali. Uvimbe wa kichwani mwa kongosho huubana mfereji wa nyongo, macho yakawa ya manjano na mkojo ukafanana na chai ya rangi. Ule wa mkiani hukaa kimya muda mrefu. Je, umeigusa mishipa mikubwa ya damu, au umefika kwenye ini? Katika aina ya kwanza, wawezao kupasuliwa ni takriban mgonjwa mmoja katika watano. Upasuaji wenyewe ni mzito, na si utovu wa adabu kuuliza hufanywa mara ngapi kwa mwaka katika hospitali hiyo.

Katika jamaa zetu nyingi mzee hunyamaza mbele ya daktari, na mwanafunzi wa sekondari ndiye hutumwa kumsindikiza. Basi na aandike maswali katika daftari kabla ya kwenda, pamoja na lile gumu: “Matibabu haya ni ya kuponya, au ni ya kurefusha maisha na kupunguza mateso?” Babu anayetaka kuuza shamba ili atibiwe ana haki ya kulijua jibu kabla hajauza. Matibabu ya namna ya pili nayo si ya kudharauliwa: mrija mdogo ukiwekwa katika mfereji wa nyongo hauuondoi uvimbe, lakini hupunguza manjano na mwasho, mgonjwa akapata kulala usiku.