MAMBA ANATAFUTA MENO



Tangu sezoni iliyopita, hapa shuleni kuko neno moja lisilokwisha: Mazembe itaanza tena kufunga magoli lini? Tunalisikia kwa mstari wa chakula, tunalisikia kwa bomba la maji, na hata saa ya etide ya magharibi kuko wale wanaotumiana vikaratasi. Wana Lupopo wanatucheka. Wanasema mamba wa alama ya Mazembe, yule mwenye mpira kinywani, hana meno tena: mpira umekwama mule juu hawezi kuuma.

Sisi wa darasa la sita tuliombwa kulieleza neno hili katika gazeti. Wengi wetu tuko watu wa Mazembe, hatufichi. Lakini hatutaandika maneno ya kupiga ngoma tu. Tunataka kueleza namna gani ekipe inafunga goli, kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu miaka hii, na kitu gani tunaweza kutumaini bila kujidanganya.

Tuanze na mambo yaliyotokea, maana wadogo wengi wanasema bila kujua. Mwezi wa 10, 2022, Mazembe ilikutana na Vipers ya Uganda kwa kuingia katika makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kule kwao 0-0. Hapa Lubumbashi 0-0. Dakika 180 bila goli hata moja, kisha Vipers wakatuondoa kwa penalti. Ekipe ikashuka katika Kombe la Shirikisho, na mwaka 2023 Yanga ya Dar es Salaam ikatufunga nyumbani na kwao, 3-1 kule, 1-0 hapa. Mwaka 2024 ulikuwa mzuri zaidi, tuseme kweli. Mazembe ilifika nusu-fainali ya Afrika, na hiyo si kitu kidogo. Lakini angalieni vizuri: robo-fainali na Petro de Luanda, hapa nyumbani 0-0. Nusu-fainali na Al Ahly, hapa nyumbani tena 0-0, na kule Cairo tukapigwa 3-0. Halafu katika makundi yaliyomalizika mwezi wa kwanza 2025, Yanga wakatoka hapa na 1-1, wakatupiga 3-1 kwao, na Mazembe ikatoka mapema.

Kwa hiyo mambo yanajionyesha yenyewe. Ugonjwa wetu hauko nyuma sana. Uko mbele, na zaidi uko mbele nyumbani.

Kuko wale wanaosema: «0-0 nyumbani si kitu kibaya.» Hawasemi uongo. Kwa kanuni ya mechi zile, magoli yakilingana, goli la ugenini linahesabiwa zaidi. Ukitoka 0-0 kwako, ukienda kule 1-1 unapita. Kwa Petro ilikuwa hivyo hivyo karibu: tulikwenda Luanda, tukashinda 2-1. Hata mwaka 2009 Mazembe ilipata kombe kwa njia hiyo. Ilifungwa 2-1 na Heartland kule Nigeria, ikashinda 1-0 hapa, na lile goli moja la ugenini likatupa ubingwa. Lakini kanuni hiyo ni msaada wa siku mbaya, haiwezi kuwa chakula cha kila siku. Ukienda Cairo bila goli mfukoni, unakwenda kuomba.

Sasa, kwa nini goli linakuja Luanda na halikuji Kamalondo? Juu ya nafasi. Petro wakiwa kwao walilazimika kutoka nje kutafuta goli, nao wakaacha shamba tupu nyuma yao. Wakija hapa, ekipe za wageni zinakaa. Wanapanga mabeki wanne, mbele yao wanne wengine, wote karibu na metre 16 na nusu yao, na wanangoja saa ipite. Wachezaji wetu wanapitishana mpira huku na kule, watu wanapiga kelele «piga! piga!», mmoja anapiga kutoka mbali, mpira unakwenda kwa wale walionunua tiketi ya bei rahisi.

Hapa tunaomba mwalimu wa hesabu atusamehe, tutatumia somo lake. Goli liko na upana wa metre 7,32. Ukisimama katikati, kwa kituo cha penalti, metre 11, pembe unayoiona kati ya mti mmoja na mwingine ni karibu digri 37. Ukirudi nyuma hadi metre 25, pembe inabaki karibu 17 tu, chini ya nusu. Na winga aliyekimbia kandokando mpaka karibu na mwisho wa kiwanja, tuseme metre 5 toka mstari wa goli na metre 15 toka katikati ya goli, yeye anaona digri 9. Tisa! Chukueni rapota na karatasi, mchore, mtaona.

Kwa hiyo yule winga akipiga mwenyewe, kazi yake imekaribia kuwa bure, na mlinda goli anafurahi. Lakini asipopiga, akirudisha mpira chini chini kwa nyuma, kwa mwenzake anayefika kwa kituo cha penalti, kwa pasi moja tu mpira umetoka kwa digri 9 na umefika kwa digri 37. Tena mabeki wakati ule wanakimbia kuelekea goli lao wenyewe, migongo yao kwa yule anayekuja. Na ofusaidi? Hakuna, maana mpira umerudishwa nyuma, na aliyeupokea alikuwa nyuma ya mpira. Ndiyo maana ekipe kubwa zote zinapenda pasi hiyo. Haipendezi macho sana, lakini inalipa. Kwa nyasi za bandia za Kamalondo, ambazo mpira unateleza juu yake upesi, tungependa kuiona mara kumi kwa mechi moja. Tunaona krosi za juu tu, na mabeki warefu wa wageni wanazipiga kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

Neno la pili. Wengi wanasema: «Tununuliwe Mputu mwingine, mambo yatakwisha.» Trésor Mputu tulimpenda na tunampenda, baba zetu wakimtaja wanaacha kula. Lakini someni historia. Mwaka 2010 FIFA ilimfungia Mputu miezi 12. Watu wakalia, wakasema tumekwisha. Bila yeye, tarehe 31 mwezi wa 10, Mazembe ikaipiga Espérance ya Tunis 5-0 hapa hapa Lubumbashi, na kule Tunisia wakatoka 1-1. Mwezi wa 12, kule Abu Dhabi, bado bila yeye, ikaifunga Pachuca ya Mexico 1-0 kwa goli la Bedi, kisha Internacional ya Brazil 2-0 kwa magoli ya Kabangu na Kaluyituka, ikaingia fainali ya dunia. Inter ya Milano ikashinda 3-0, ndiyo, lakini mbele ya siku ile hakuna klabu iliyokuwa imefika fainali hiyo isipokuwa ya Ulaya au Amerika ya Kusini. Watu watatu tofauti walifunga magoli yale matatu. Ile ndiyo tunaita meno: kinywa kizima. Jino moja halitoshi.

Neno la tatu linauma zaidi. Sisi tunalima, wengine wanavuna. Ben Malango alipoanza kufunga vizuri, mwaka 2019 akaenda Raja ya Casablanca. Mwaka 2020 Jackson Muleka akaenda Standard ya Liège, na Meschak Elia akaenda Young Boys ya Bern. Watatu kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo! Hatuwalaumu. Kijana wa Katanga au wa Kinshasa akiitwa Ulaya, nani atamwambia abaki? Hata sisi tukipata bursi leo, kesho mtatafuta prefe mwingine wa kupiga kengele. Lakini ekipe inayopoteza washambuliaji watatu hivyo haiwezi kupona kwa sezoni moja, maana mshambuliaji si kiatu, hauvai na kutembea siku ile ile.

Mfano ni Mbwana Samatta. Alitoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011. Ubingwa wa Afrika aliupata mwaka 2015, miaka ine baadaye. Kwa fainali na USM Alger yeye na Kalaba walifunga kule Algiers, 2-1, na hapa nyumbani yeye na Assalé, 2-0. Mwanzo wa 2016 alichaguliwa mchezaji bora kati ya wale wanaocheza Afrika, akaenda Genk. Angalieni tena yale majina: Mtanzania, Mzambia, mtu wa Côte d'Ivoire. Walikuwa wamekaa pamoja muda, mmoja alijua mwenzake atakimbilia wapi mbele hajainua kichwa.

Basi tunatumaini nini kwa sezoni ijayo? Kwanza, kwamba wale vijana walio mbele wasibadilishwe kila baada ya mechi mbili. Pili, hiyo pasi ya kurudisha nyuma, na kona zilizofanyiwa mazoezi, juu ekipe inayokaa nyuma haiwezi kukaa nyuma ya kona. Kona ni nafasi ambayo mgeni hawezi kukufungia. Magoli mengi sana hatuyaombi. Tunaomba moja mbele ya dakika ya 30 hapa nyumbani. Likija mapema, mgeni analazimika kufungua mlango wake, na mechi inakuwa ile ya Luanda.

Na kuko jambo moja tunalolisema kwa ukali kidogo, maana liko mikononi mwetu. Siku hizi mshambuliaji kijana akikosa mara mbili, watu wanampigia filimbi. Kisha tunashangaa kwamba mara ya tatu hataki kupiga, anampasia mwenzake aliye kwa nafasi mbaya zaidi. Sisi wenyewe kwa kiwanja chetu cha shule tunaonaka hivyo: yule mdogo wa darasa la tatu aliyezomewa siku ya mechi na darasa la ine, mpaka leo akipata mpira mbele ya goli anautupa kama makaa ya moto. Wenye kumzomea wanajijua, na wengine wao hawawezi kupiga mpira mara tano bila kuanguka.

Tena wale wanaocheza parii na pesa ya minerval juu ya magoli ya Mazembe, waache mbele baba zao hawajaitwa shuleni. Majina tuko nayo.

Kwa kumaliza ubishi na wana Lupopo, tumeanza daftari. Simu zinakatazwa kwa interna, lakini mlinzi anakubali tusikilize radio yake karibu na lango. Kwa kila mechi tutaandika dakika ya goli, jina la aliyefunga, na jina la aliyetoa pasi. Wale wanaoweza kwenda stadi wataandika pia pasi ilitoka wapi: kandokando, katikati, au kona. Mistari imekwisha kuchorwa. Daftari inakaa kwa meza ya kwanza ya darasa la sita, na wana Lupopo wanaruhusiwa kuikagua kila Jumatatu baada ya kupandisha bendera. Anayetaka kuandika mechi ya kwanza alete kalamu yake, maana zile zetu zimekwisha wino kwa kuchora digri 37.