Ubishi wa Maghorofa, Laivu Toka Mponde

Oya, kijiwe chetu cha boda hapa Mponde, juu Usambara, kina jiwe moja la maana. Ukilikalia, intaneti inafunguka. Ukishuka, simu inabaki tochi. Kwa hiyo jiwe lina foleni yake, na mwenye zamu ndiye anayepanga stori ya jioni. Juzi zamu ilikuwa ya Kanairo.

Kanairo siyo jina la ubatizo. Mwana kapiga miaka miwili Nairobi akiuza karanga na saa za mkononi katikati ya magari, karudi na koti moja la manyoya na Sheng gunia zima. Ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye michai, ile baridi ya kupiga stori umejikumbatia, mara jamaa akatugeuzia skrini: Upper Hill usiku, mataa kama yote.

"Wasee, chekini Britam hiyo. Mita mia mbili, manze! Sasa nyinyi Dar yenu iko na nini?"

Kachokoza nyuki. Tuna mwana mwingine pale, huyo kala vumbi la Kariakoo miaka mitatu, mmachinga wa mikanda na soksi, na ukimgusia Dar umemgusia mama yake. Akavua helmeti, akaitua juu ya tangi la pikipiki taratibu kama mtu anayepanga mpira wa penalti.

"Mwanangu, usituletee. Pale Sokoine Drive kuna minara pacha ya PSPF, ghorofa 35. Mmoja haukutosha, tukapiga miwili! Halafu kuna mnara wa Mamlaka ya Bandari, mita 157, kazi yake kuchungulia meli tu. Wewe hiyo Britam yako ng'oa ule mlingoti wa kichwani tuone inabaki na nini. Ghorofa zenyewe 31."

Kijiwe kikalipuka. Na kusema kweli pana hoja: jengo lile lilikamilika 2017, na mita zake 200 zinahesabiwa mpaka ncha ya mlingoti. Kwa kipimo hicho hata mimi nikivaa kofia ya pama ni mrefu kuliko mjomba.

Ligi ya Dar na Nairobi haina refa wala dakika tisini. Mwana wa Kariakoo ana sensa kichwani: Dar 5,383,728 mwaka 2022, Nairobi 4,397,073 mwaka 2019. Anazitema hizo namba bila kupepesa, na ni huyohuyo aliyesahau lini mwanawe anatakiwa kliniki. Kanairo naye hakubali kizembe: "Buda, hao si watu wa mji, hiyo ni foleni ya mwendokasi." Tukamtupia Daraja la Tanzanite, akatupa barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27, wamefungua 2022 hiyohiyo. Tukasema SGR yetu inatembea kwa umeme. Akasema yao ilianza kubeba watu Mombasa mpaka Nairobi 2017, sisi tungali tunachimba. Mtu akamwambia hiyo yao inakunywa dizeli kama Fuso ya kabichi. Basi, bandika bandua.

Kisha Kanairo akachomoa noti ya Kenya ya shilingi mia, ile ya kumbukumbu, anatembea nayo kama picha ya demu. Akatuonyesha KICC, ule mnara wa duara wa 1973. Tangu watoe noti mpya 2019, kila noti yao ina lile jengo. "Mnaona? Nai iko kwa kila mfuko." Mwana wa Kariakoo akazama mfukoni, akatoka na msimbazi, mapato ya siku nzima ya kupandisha watu na magunia. Akaugeuza: nyuma kuna jengo la Benki Kuu, Dar. Kumbe kila mtu anatembea na ghorofa lake. La kwetu tu ndilo lilikuwa limekunjwa mara nne na linanuka petroli.

Mimi nikaona nimalize kwa hesabu. Nikawaambia, masela, mnagombea nini? Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na sisi ni milima ileile. Chukua mnara wa Bandari, panga tisa, mmoja juu ya mwingine, ndiyo uwe umefika hapa tulipo. Tunanywa chai ya tangawizi juu ya minara tisa, tena bila lifti! Watu wakanigongea.

Kanairo akatulia sekunde mbili. "Nairobi iko mita 1,795," akasema. "Hata kabla hatujaweka tofali, tumewapita."

Aisee. Nikavaa kofia.

Sasa kuna kitu nimekisoma pale kijiweni ambacho hakimo kwenye picha. Kanairo haringi na Britam, maana hajawahi kuingia Britam. Kaniambia mwenyewe, siku tumebaki wawili tu, kwamba pale Upper Hill alikuwa anapita kwa miguu alfajiri na ndoo ya karanga, na akisimama kidogo mlinzi anamwambia asogee. Kitu alichorudi nacho toka mjini ni mdomo. Mtaa umemfundisha keja badala ya geto, mat badala ya daladala, ocha badala ya mkoani. Ukimpa stori ya kuungaunga anakwambia hizo ni stori za jaba. Sheng ya Nairobi ilikulia Eastlands, kwenye mitaa ya watu waliobanana, siyo kwenye lifti, na ndiyo maana inabebeka hata na mtu aliyerudi na koti moja. Kibongobongo chetu vilevile: buku, jero, mchongo, kutoboa, vyote vimepikwa vibarazani na kwenye daladala.

Kasheshe inakuja maneno yakigongana. Wiki ya kwanza karudi, Kanairo kapandisha mama mmoja, kafika kamwambia "mathe, ni soo tu." Kule soo ni mia. Kwetu soo ni aibu, msala. Mama wa watu kashuka kajikagua kanga mbele na nyuma, kauliza, "Mwanangu, kwani imefanyaje?" Na shilingi mia kwa boda mlima wote ule ingekuwa soo la kweli.

Turudi kijiweni. Ubishi ulikatika mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Kanairo, kwa kasi ya mdomo, akasema maghorofa ya Dar yanaanguka. Mwana wa Kariakoo hakujibu. Akaangalia chini, akawa anakwangua tope kwenye kiatu. Novemba 2024 lilipoanguka lile jengo Kariakoo, yeye alishakuwa huku, ila watu wake walikuwa kule, na siku ile nakumbuka alikaa kwenye jiwe mpaka simu ikazima chaji. Na 2013 lilianguka la ghorofa 16 katikati ya jiji, watu zaidi ya thelathini wakaondoka. Kanairo akaona kakosea. Akasema kwa sauti ya chini, "Hata sisi, Huruma, 2016." Jengo la kupanga, mvua, usiku. Basi wakanyamaza wote wawili, na kwa mara ya kwanza jioni ile walikuwa timu moja.

Aliyetuokoa ni babu. Si babu wa mtu yeyote pale, ila ni babu wa wote. Alikuwa anasubiri boda na mfuko wake wa mbolea, kasikiliza kila kitu. Shikamoo babu, marahaba, halafu akatuuliza: "Nyie wajukuu, miji ya watu mnaipigania hivyo, ya kwenu mmeipeleka wapi?"

Tukajua inakuja stori ya Vugha. Stori yenyewe nilishaisikia utotoni, lakini safari hii iliingia tofauti, pengine kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa minara.

Vugha ulikuwa ndio mji wa wafalme wa Kikilindi, juu huku, Usambara. Kimweri ye Nyumbai alikaa hapo miaka mingi, amri zake zinashuka mpaka pwani. Mmisionari Krapf alipanda kumwona mwaka 1848. Sasa Kimweri alikuwa na mtoto, Semboja, kapewa himaya ya Mazinde, bondeni, kwenye joto na vumbi, mahali ambapo mtu wa milimani alipaona kama adhabu. Ila Mazinde ilikuwa kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani. Kila mzigo wa pembe, kila robota la kitambaa, kila bunduki, vinapita mlangoni kwa Semboja. Mwamba akawa mtoto wa mjini. Mzee kafariki 1862, kiti kakipata mjukuu, Shekulwavu. Haikufika hata miaka kumi, Semboja akapanda na bunduki zake, Vugha ukaanguka.

Halafu sikia unyama wenyewe: hakukaa. Akamweka mwanawe Vugha, yeye akarudi zake Mazinde. Kauteka mji mkuu, kautazama, kaona mchongo haupo juu, uko barabarani.

Babu aliishia hapo, akapanda boda, akasepa. Mimi ndiye niliyebaki napanga miaka. Miaka ileile ya 1860, kule pwani Sultani Majid anaanza kujenga Dar. Vugha ukaungua moto mwaka 1898. Mwaka uliofuata, 1899, reli ya Waingereza ikafika kwenye kinamasi kimoja cha Wamasai chenye maji baridi, wakaweka kituo na karakana, ndiyo Nairobi hiyo. Na reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 ilipita wapi? Bondeni kulekule. Sisi huku juu tukabaki na hewa safi. Bado tunayo, karibuni. Barabara yetu ya Soni, Bumbuli, Dindira mpaka Korogwe kila kampeni inaimbwa, na sisi madereva tunaijua shimo kwa shimo kama mistari ya viganjani.

Ila kuna moja lilinidatisha, na sijalisikia likisemwa kijiweni mpaka nilipolisema mimi. Ile minara pacha ambayo mwana wa Kariakoo anaiapia ilijengwa na mfuko wa pensheni, PSPF. Mwaka 2018 serikali ikaunganisha mifuko ya watumishi wa umma, ikazaliwa PSSSF, na mali zikaenda huko. Haya, sasa shika na hii. Kiwanda chetu cha chai hapa Mponde kilifungwa 2013 kwa mgogoro wa wakulima na mwekezaji. Miaka ile Dar wanamalizia minara, huku michai ilikuwa inaota mpaka inafanana na msitu, maana nani atachuma majani mawili na kichipukizi chake kwa ajili ya mashine iliyolala? Shangazi zangu walikata kuni wakauza. Wengine wakapanda maharage. Vijana ndio hao, Kariakoo, Gikomba, popote. Mwaka 2016 serikali ikakitwaa kiwanda, na baadaye walioingia kukifufua ni mifuko miwili: WCF, ule wa fidia kwa wafanyakazi, na, ehee, PSSSF.

Kwa hiyo minara pacha ya Sokoine Drive na kiwanda cha Mponde ni baba mmoja. Ndugu kabisa, mmoja kakulia mjini na vioo, mwingine kakulia kijijini na bati.

Nilipowaambia, Kanairo alicheka mpaka akadondoka kwenye jiwe, na mtu mwingine akaliwahi. Mwana wa Kariakoo alikaa kimya, halafu akasema kitu nimekipenda: "Basi siku ile na soksi zangu, mlinzi wa minara ananifukuza pale nje ya geti, ningemwambia mimi ni shemeji."

Mimi sichukii maghorofa. Nikishuka Dar shingo inaniuma kama kila mtu, na nikiona lile taa jekundu linalowakawaka juu usiku nasikia mzuka. Kinachonishangaza ni jinsi tunavyojua mita za minara ya miji miwili, na hapa kijiweni hakuna hata mmoja aliyejua kiwanda chetu kinasaga kilo ngapi kwa siku. Nilipouliza, watu waliangaliana kama nimewauliza Kilatini. Mtu mzima mmoja tu ndiye aliyejua bei ya jani bichi, na ni kwa sababu mke wake anachuma.

Jumatatu alfajiri nikampakia dogo mmoja wa jirani mpaka Soni akadake basi. Kamaliza kidato cha nne, anakwenda Dar kwa kaka yake, Mbagala, geto la watu wanne, yeye wa tano. Njia nzima ananiuliza minara pacha ukitokea Mbagala unapanda gari gani. Nikamwekea kifurushi cha majani ya chai cha shangazi yangu aliyeko Temeke, nikamwambia ukifika piga picha, uturushie kijiweni tumnyamazishe Kanairo.

Picha iliingia Jumatano, zamu ya jiwe ikiwa yangu. Dogo kasimama karibu mno, mnara haukuingia wote. Zimeonekana ghorofa nne za chini, mlinzi anayekuja kwa mbali ameinua mkono, na dogo katabasamu, kifurushi cha shangazi bado kakibana kwapani.