Kiyama Ndani ya Matatu

Juzi jioni nilipanda matatu ya Mtwapa, nikaketi nyuma ya dereva, na ngoma iliyokuwamo ikavitikisa vioo. Ni ile ya vijana ya kughani maneno mbiombio, waiitayo hipihopi. Nikavuta uradi wangu kimoyomoyo. Kumbe, nilipotega sikio vizuri, yule mghani alikuwa akimtaja Yesu! Nikamuuliza utingo, "Mwanangu, hii ni dansi au ni kanisa?" Akacheka. "Yote mawili, mzee wangu."

Wenzetu Wakristo hawakuanza leo kuichukua ngoma ya barabarani na kuipa kazi ya dini, na kazi mojawapo ilikuwa kutisha. Mwaka 1969 Mmarekani Larry Norman alitunga wimbo wa roki juu ya watakaoachwa nyuma siku Yesu atakapowachukua walio wake. Mwaka 1972 wimbo huo ukatiwa katika senema iitwayo A Thief in the Night, iliyozungushwa makanisani. Humo mwanamke aamka asubuhi, mumewe hayupo, na mashine yake ya kunyolea ndevu yanguruma peke yake bafuni. Hakuna zimwi wala moto, ni mashine hiyo tu. Wako watu wazima huko Marekani wasimuliao kwamba utotoni, wakirudi nyumbani na kumkosa mama, waliangua kilio wakidhani wameachwa. Kuanzia 1995 zikafuata riwaya za Left Behind, vitabu 16, zikauzwa kwa mamilioni.

Habari hizi kwetu Waislamu si ngeni. Twaamini kutokea kwa Dajali na kushuka kwa Nabii Isa. Lakini saa yenyewe aijua Mola peke yake, na Injili waisomayo wao yasema vivyo hivyo, kwamba hata malaika hawaijui. Sasa aliipata wapi mzee Harold Camping, mtangazaji wa redio ya dini huko California, aliyesema ni Mei 21, 2011? Mabango yakatundikwa, wafuasi wakatoa akiba zao. Siku ikapita, akaisogeza hadi Oktoba 21, nayo ikapita. Mwaka 2012 alikiri kwamba alikosea.

Huko zilipotea fedha. Hapa kwetu, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wamo. Waendesha mashtaka wadai kwamba watu hao waliambiwa wafunge hadi kufa ili wamkute Yesu. Njia ya Malindi nimeipita mara nyingi nikienda maulidi ya Mambrui, na sasa kila nipitapo moyo hunisinyaa.

Ndiyo maana yule mghani wa matatu sikumlaumu. Wa namna yake wamekuwa wengi. Lecrae wa Marekani alipata tuzo ya Grammy mwaka 2013 kwa albamu yake Gravity. Hapa Kenya Juliani, kijana wa Dandora, Nairobi, alitoa albamu mwaka 2011 akaiita Pulpit Kwa Street, yaani mimbari iende barabarani. Huyu huimba imani pamoja na umaskini na siasa za mtaa aliokulia, mambo ambayo kijana huyaona kila aamkapo, wala hampi tarehe ya kufa. Wapo Wakristo wasemao kwamba midundo hiyo ni ya kilabuni, haifai kumtajia Mungu. Nasi tusiwacheke! Mabishano ya dufu na matari msikitini nimeyasikia tangu nikiwa chuoni, na hayajesha.

Tulipofika Kongowea ikaadhiniwa Maghribi. Utingo akanyoosha mkono, akaizima ile ngoma bila kuambiwa na mtu. Adhana ilipokwisha akanigeukia.

"Mzee, niiwashe?"

"Washa," nikamwambia, "lakini polepole, nisikie asemalo."