Bei ya Daftari Lisilosahau

Mkulima ametoka Laela na magunia 40 ya mahindi. Katika kituo cha ununuzi mjini Sumbawanga mzigo umekwisha kupimwa, na karani anabonyeza kitufe cha mwisho. Umeme ukikatika sekunde hiyo hiyo, mahindi yale ni ya nani? Swali hili si la mzaha katika mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme uletwao kutoka Zambia.

Karani wa zamani alikuwa na jibu. Kabla ya kuigusa leja aliandika mzigo katika daftari la siku. Leja ikiharibika, daftari liliijenga upya. Kanzidata ya kompyuta hufuata kanuni ile ile: badiliko huandikwa kwanza katika shajara iliyo diskini, ndipo mteja huambiwa kuwa tayari. Utaratibu wa ARIES, uliochapishwa mwaka 1992 na C. Mohan na wenzake wa IBM, umejengwa juu ya kanuni hiyo.

Lakini uaminifu una bei. Diski izungukayo mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 na kitu. Kila badiliko likingoja mzunguko wake, hatupati zaidi ya mabadiliko 120 kwa sekunde, hata kompyuta iwe na nguvu namna gani. Dawa ni kuandika kwa mafungu: mabadiliko 10 yakienda pamoja, hesabu hupanda hadi 1,200. Diski za kisasa zisizozunguka zimepunguza kungoja huku, hazikukufuta.

Nikiwa mwanafunzi ng'ambo nilikuzima kabisa ili majaribio yangu yaende mbio. Yakaenda mbio kweli. Kisha umeme ukakatika, nikapoteza matokeo ambayo kompyuta ilikwisha kuniambia yamehifadhiwa.

Tena, jengo likiungua shajara nayo huungua. Yatakiwa nakala pacha, tuseme Dar es Salaam. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja. Kwa njia ya kilomita 1,100, kwenda na kurudi ni milisekunde 11. Karani akingoja jibu, hakuna kipoteacho, ila njia ikikatika kazi husimama. Asipongoja, mauzo ya mwisho yaweza kupotea. Kwa malipo ya mkulima mimi ningengoja. Kwa vipimo vya mvua vya kila dakika, hapana.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: kanzidata ya gigabaiti 90 hunakiliwa kwa megabaiti 50 kila sekunde. Mizani itasimama kwa muda gani, ikiwa haiwezi kufanya kazi wakati wa kunakili? Na ikiwa nakala itachukuliwa kutoka kwa pacha aliye Dar es Salaam?