Programu Huria na Wajibu wa Mtumiaji (Sehemu ya Tatu): Kuripoti Hitilafu

Katika sehemu iliyotangulia ilielezwa kwamba programu huria ni ile ambayo msimbo wake chanzo, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtengenezaji kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Uhuru huo hauzuii hitilafu kutokea. Na kwa kuwa watengenezaji wengi hujitolea, na hawana kompyuta za kila aina za kufanyia majaribio, mtumiaji anayeripoti hitilafu ipasavyo huwa ameshiriki kuijenga programu yenyewe, hata kama hajui kuandika msimbo.

Mfano mzuri ni Debian, mfumo endeshi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Katika Mkataba wake wa Kijamii wa mwaka 1997 watengenezaji wake waliahidi kutoficha matatizo, na ndiyo maana ripoti za hitilafu huwekwa hadharani. Kila ripoti hupewa namba yake na kupangwa katika mojawapo ya madaraja saba, kuanzia hitilafu inayovuruga mfumo mzima hadi ombi la kuongezewa kitu kipya. Na programu yenye hitilafu ya madaraja matatu ya juu, isiporekebishwa, yaweza kuachwa nje ya toleo lijalo.

Kiini cha ripoti njema ni kumwezesha mtu aliye mbali kuizalisha upya hitilafu ile ile kwenye kompyuta yake. Anayeandika tu kwamba programu haifanyi kazi hajasaidia. Lakini anayeeleza kwamba alifungua faili jipya, akachora jedwali la safu mbili, akaweka picha katika kisanduku cha kwanza, na alipobofya kuhifadhi programu ikajifunga, amempa mtengenezaji pa kuanzia. Hatua hizo huambatana na namba ya toleo la programu, jina la mfumo endeshi, matokeo yaliyotarajiwa, na maneno ya onyo yaliyonakiliwa neno kwa neno. Debian ina programu iitwayo reportbug, ambayo hukusanya yenyewe sehemu ya taarifa hizo.

Kabla ya kutuma, inafaa kutafuta iwapo hitilafu hiyo imekwisha kuripotiwa, na kila hitilafu iandikiwe ripoti yake. Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza chepesi kinatosha, kwani hatua zilizopangwa kwa utaratibu hueleweka hata pasipo ufasaha. Hitilafu inayoweza kuwafungulia wadukuzi mlango ndiyo pekee inayostahili kupelekwa kwa siri kwa kikosi cha usalama, hadi tiba yake ipatikane.

Kutuma ripoti si mwisho wa wajibu, maana mtengenezaji akiuliza swali na asijibiwe, kazi hukwama. Sehemu ijayo itaeleza kiraka, yaani rekebisho dogo la msimbo, na namna mtumiaji anavyoweza kulijaribu kabla halijaenea kwa wote.