Kuitambua Hali ya Mwenzio

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya vijijini na shuleni, leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulichanganya na huruma. Huruma ni kumsikitikia mwenzio. Jambo nilinenalo mimi ni kujitia katika hali yake, hata uyaone mambo kama ayaonavyo yeye. Mtu aweza kuwa na huruma nyingi, na hilo asiwe nalo hata kidogo. Mimi nalikuwa mtu wa namna hiyo.

Nalizaliwa Nanganga, bondeni, penye njia itokayo Lindi kwenda Masasi. Kwetu kwenda kisimani si safari. Katika ujana wa ualimu wangu nalipelekwa kufundisha shule moja juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Darasani alikuwamo msichana aliyechelewa mara mbili tatu kila juma, na akifika husinzia. Nalimwuliza sababu mbele ya wenziwe, akainama, asijibu. Nikakihesabu kimya chake kuwa kiburi, nikampiga fimbo.

Jumapili moja jioni bibi yake alinijia. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, mwanangu, kesho alfajiri twende sote tukateke maji."

Tuliondoka gizani. Ardhi ya uwanda ule ni ya mchanga. Mvua ikinyesha huzama, na maji hutokea tena chini kabisa, kwenye miguu ya mteremko. Mitambo ya kuyasukuma maji kuyaleta juu, ambayo kazi yake ilianza katika miaka ya 1950, siku hizo ilikuwa imeharibika. Pale chemchemini tulikuta wanawake wengi wameketi wakingoja zamu, kwa maana maji yalitoka kidogo kidogo. Kisha tukapanda. Mara tatu nalitua ndoo yangu. Yule msichana hakutua hata mara moja.

Njiani nikawaza, tena kwa dharau kidogo: mbona wazee wa Kimakonde hawakujenga karibu na maji? Baadaye nikajua kwamba si mimi wa kwanza kuwaza hivyo. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alifika Newala mwaka 1906, akashangaa vile vile. Walakini yeye aliuliza, akasimuliwa. Mtu wa kwanza, walimwambia, alichonga mfano wa mwanamke kwa mti, nao ukawa mwanamke hasa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto, hali amekwisha kufa. Wakahama. Wa pili naye alizaliwa hali amekufa. Wakapanda hata kileleni, na huko wa tatu akaishi. Tena vile vichaka vizito vya juu viliwaficha watu wakati wa vita na wa biashara ya watumwa. Basi wale niliowadhania wajinga walikuwa wamechagua uhai, wakaulipia kwa shingo za wanawake wao.

Jambo hili halimhusu mwalimu peke yake. Mganga wa zahanati amwambiapo mama amwogeshe mtoto mara tatu kwa siku, asiulize maji yatoka wapi, amesema neno la kweli lisilotendeka. Mama ataitikia "ndiyo" kwa adabu, kisha ataondoka. Yamkini hata karani na mwenye duka wana mifano yao.

Wako watakaosema kwamba kuwatambua watu hivi ni kuzilegeza sheria. Sivyo. Msichana yule ilimpasa ajue hesabu, maji yawepo yasiwepo. Nalilihamisha somo la hesabu kutoka saa ya kwanza nikaliweka saa ya tatu, basi. Na kwa kuwa nalimwaibisha mbele ya wenziwe, nalimwomba radhi mbele yao hao hao, jambo lililonigharimu kuliko kile kilima.

Hilo nalilifanya Jumatatu ile ile, tena nikiwa nimechelewa, maana tulipofika juu na ndoo zetu kengele ilikuwa imekwisha lia zamani.